Hiyo miezi itaandikwa wapi?

Siku niliyopata barua ya tatu ya kukubaliwa kusoma muhula mmoja ng'ambo, nilizitandaza zote mezani na kuanza kuzitazama kama mtu anayechagua nguo ya sherehe. Ya kwanza ilitoka chuo cha Uingereza ambacho jina lake halihitaji maelezo. Ya pili ilitoka kwa wakala aliyeandaa programu ya muhula mmoja nchini Hispania, na ilikuja na kijitabu chenye picha nyingi kuliko maneno. Ya tatu ilitoka chuo cha Ujerumani kilichoko katika mji ambao, kabla ya kuomba nafasi pale, sikujua hata namna ya kulitamka jina lake. Kila niliyemweleza alinipa jibu papo hapo, na jibu lilikuwa Uingereza. Mjomba wangu peke yake, aliyefanya kazi ya uhasibu mpaka akastaafu, ndiye aliyenijibu kwa swali: "Ukirudi, hiyo miezi itaandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu, na kutokuwa nalo kulinikera kwa sababu nilikuwa nimetumia wiki kadhaa kusoma kuhusu vyuo hivyo. Nilijua ukubwa wa maktaba zao, nilikuwa nimetazama picha za kumbi za mihadhara na za wanafunzi waliojilaza kwenye nyasi, na nilikumbuka kwa kichwa nafasi ya kila chuo katika orodha za ubora zinazotolewa kila mwaka. Nilichokuwa sijasoma ni orodha ya kozi ambazo mwanafunzi wa muhula mmoja anaruhusiwa kuzichukua, wala kanuni ya chuo changu mwenyewe inayoeleza ni kozi zipi za nje zinazohesabiwa kwenye shahada. Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa jiografia, na nilikuwa nimeanza kuegemea upande wa maji: mito, mabonde, na maji yaliyo chini ya ardhi. Kama muhula wa ng'ambo usingeingia kwenye shahada, ningerudi na kukuta kazi ya muhula mzima inaningoja pale pale nilipoiacha, huku wenzangu wamekwishatangulia.

Swali la mjomba lina umri mkubwa kuliko nilivyodhani. Mwaka 1923, Raymond Kirkbride, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani, aliwapeleka Ufaransa wanafunzi wanane ambao walisoma lugha kwanza na kisha wakaendelea na masomo katika Sorbonne, Paris. Upya wa mpango ule haukuwa katika safari, kwa kuwa vijana wa familia zenye fedha walikuwa wakizunguka Ulaya tangu zamani. Upya wake ulikuwa kwamba mwaka wa Ufaransa ulihesabiwa kuwa mwaka wa tatu wa shahada zao. Mwaka 1987, Jumuiya ya Ulaya ilipoanzisha mpango wa Erasmus, wa kuwapeleka wanafunzi kusoma kwa muda katika nchi nyingine za Ulaya, kwa wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11, suala hilo hilo la kuhesabu lilijitokeza tena kwa ukubwa zaidi, kwa maana kila nchi ilikuwa na kipimo chake, na mwaka 1989 ukaanzishwa mfumo wa pamoja wa krediti unaojulikana kwa kifupi chake, ECTS.

Katika mfumo huo mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, muhula ni krediti 30, na kila krediti ni takriban saa 25 hadi 30 za kazi, zikiwemo saa za kujisomea mwenyewe. Ninazitaja tarakimu hizi kwa sababu nilikaribia kupotoshwa nazo. Nchini Marekani mzigo wa kawaida wa muhula ni kama krediti 15, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi iitwayo F-1 kwa kawaida hatakiwi kushuka chini ya 12. Mtu aliyezoea hesabu hiyo akiona kozi ya Ulaya yenye krediti 6 anaweza kufurahi kwamba amepata kozi nzito mara mbili ya zile anazozijua, kumbe mara nyingi krediti mbili za ECTS huhesabiwa kuwa moja ya Marekani, na kozi yake nzito ni ya kawaida kabisa. Nilikuwa nimejipangia kozi tatu Ujerumani nikidhani ninajitesa. Mratibu wa ofisi ya uhusiano wa kimataifa katika chuo changu aliitazama hesabu yangu, akacheka kidogo, akaniambia niongeze mbili.

Lakini kabla ya mratibu nilikwenda kwa mshauri wangu wa masomo, na yeye ndiye aliyenifumbua macho. Hakuzisoma barua zangu kwa mpangilio niliompa. Alichukua penseli, akaandika neno moja juu ya kila barua: kwenye ya Ujerumani "mkataba", kwenye ya Uingereza "mgeni", kwenye ya Hispania "kisiwa". Kisha akanirudishia na kuniambia niende nikafikirie tofauti ya maneno hayo matatu, halafu tuzungumze.

Mkataba ni makubaliano ya kubadilishana wanafunzi kati ya vyuo viwili. Mwanafunzi hulipa ada katika chuo chake na chuo mwenyeji hakimtozi ada ya masomo, naye mwanafunzi wa upande wa pili huja kwa masharti hayo hayo. Nafasi huwa chache kwa sababu lazima hesabu ya wanaokwenda na wanaokuja ilingane baada ya muda. Faida ya ada inaonekana wazi hata Ujerumani, ambako vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo: jimbo la Baden-Württemberg, tangu mwaka 2017, huwatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, ila anayekuja kwa mkataba wa mabadilishano husamehewa. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haiko kwenye fedha. Panapokuwa na mkataba, kuna watu katika ofisi zote mbili ambao wamekwishalinganisha kozi za pande zote kwa niaba ya wanafunzi waliotangulia, na kuna faili linaloonyesha kozi ipi ilikubaliwa mahali pa ipi. Mwanafunzi hurithi majadiliano ya watu asiowajua.

Mgeni ni mwanafunzi anayejiandikisha moja kwa moja katika chuo cha ng'ambo kwa muhula au mwaka, bila makubaliano ya awali kati ya vyuo. Analipa ada yote ya mwanafunzi wa kigeni, anakaa darasani na wenyeji, anapata hati ya matokeo kama wao. Njia hii ina heshima yake, na kwa mtu mwenye fedha na mshauri mwelewa inaweza kuwa nzuri kuliko zote, kwa sababu haimfungi kwenye orodha fupi ya vyuo rafiki. Ugumu wake ni kwamba kila kozi inabidi itetewe peke yake. Unachukua muhtasari wa kozi, unaupeleka idarani kwako, unasubiri, unaulizwa idadi ya saa za maabara, unarudi kuuliza, unasubiri tena.

Kisiwa ni programu iliyojengwa kwa ajili ya wageni peke yao. Wanakaa pamoja, wanasoma pamoja, wanafundishwa kwa Kiingereza na walimu waliokodiwa kwa muhula, na mwisho wa juma wanapelekwa matembezini kwa basi moja. Sisemi kwamba ni utapeli. Kwa mtu anayeanza Kihispania kutoka sifuri, au anayehitaji uangalizi wa karibu, mazingira ya namna hiyo yanaweza kumsaidia kuliko kumtupa katika ukumbi wa wanafunzi 300 wasiojali kama yupo. Lakini wakala si chuo, na hati ya matokeo inayotambulika lazima itolewe na chuo fulani kilichokubali kuyabeba matokeo hayo kwa jina lake. Nilimwandikia wakala wangu mara tatu kuuliza ni chuo gani hicho. Mara ya kwanza alinijibu kwamba programu yao inatambulika kote duniani, mara ya pili alinitumia kijitabu kile kile chenye picha, mara ya tatu hakujibu. Usione vyaelea, wamesema wahenga, lakini hapa nilikuwa naviona vikielea na hakuna aliyekuwa tayari kuniambia nani aliyeviunda. Barua ya Hispania nikaiondoa mezani.

Zikabaki mbili, na hapo ndipo nilipoanza kazi ambayo ningepaswa kuianza mwanzoni kabisa, yaani kusoma orodha za kozi. Kazi hii inachosha na nadhani ndiyo sababu watu wengi huiruka. Orodha ya kozi iliyowekwa kwenye tovuti ya chuo ni tangazo la jumla: inaonyesha kila kitu ambacho idara hufundisha katika mzunguko wake wote. Ndani yake zimo kozi zinazotolewa mwaka mmoja na kupumzishwa mwaka unaofuata, zimo zinazotolewa muhula mmoja tu kati ya miwili, zimo zinazomtaka mwanafunzi awe amekwishapita kozi nyingine tatu, na zimo ambazo, nikisema ukweli wangu, zimebaki pale kwa sababu aliyezianzisha hajakumbuka kuziondoa. Kinachomhusu mwanafunzi wa muhula mmoja ni ratiba ya muhula ule ule atakaokuwepo, na kama haijatoka, basi ratiba ya muhula kama huo mwaka uliotangulia.

Nilipoisoma orodha ya chuo cha Uingereza kwa jicho hilo, jina kubwa lilianza kupungua uzito. Kozi mbili za maji zilizonivutia zilikuwa za mwaka wa mwisho, na sentensi moja chini ya ukurasa ilieleza kwamba kozi za mwaka wa mwisho hazipokei wanafunzi wa muda mfupi. Zilizobaki wazi kwa mtu kama mimi zilikuwa za mwaka wa kwanza, ambazo nilikuwa nimekwishazisoma kwa majina mengine. Nilijaribu kujifariji kwamba mwaka wa kwanza wa pale huenda ni mgumu kama mwaka wa pili wa kwingine, na hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa hata ndani ya Uingereza yenyewe shahada ya kwanza huchukua kwa kawaida miaka mitatu England na minne Scotland, na kwa hiyo neno "mwaka wa pili" halimaanishi kina kimoja kila mahali. Mshauri wangu aliisikiliza hoja yangu kwa subira, kisha akaniuliza kama idara yetu ingeikubali. Tulijua wote wawili kwamba isingeikubali.

Upande wa Ujerumani nilikuta kozi ya maji ya chini ya ardhi iliyoelezwa kama vile mtu aliketi akaniandikia mimi. Nilimwandikia mhadhiri barua pepe fupi, nikauliza kama itatolewa mwaka ule, kama inafundishwa kwa Kiingereza, na kama mgeni anaruhusiwa. Alijibu siku ya pili kwa mistari miwili: inatolewa muhula wa baridi tu, na mgeni anakaribishwa. Mistari ile miwili ilibadilisha mpango wangu wote, kwa sababu ya jambo ambalo vijitabu vya programu huliandikia nusu ukurasa ilhali linastahili sura nzima, nalo ni kalenda.

Dunia haina mwaka mmoja wa masomo. Japani huanza Aprili. Australia muhula wa kwanza huanza Februari au Machi. Marekani muhula wa vuli huanza mwishoni mwa Agosti katika vyuo vingi na kumalizika Desemba, kabla ya mwaka mpya. Ujerumani muhula wa baridi wa vyuo vikuu kwa kawaida huhesabiwa rasmi kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Machi, na mihadhara huendelea mpaka Februari, ambapo mitihani huanza. Muhula wa kiangazi ni Aprili hadi Septemba, na mihadhara huisha Julai. Muhula wa pili katika chuo changu ulikuwa unaanza Januari. Kwa hiyo kama ningekwenda muhula wa baridi, ningekuwa nafanya mitihani ya Ujerumani wakati wenzangu wamefika wiki ya sita au ya saba ya muhula unaofuata, na hakuna idara ambayo ingenipokea katikati. Ningepata kozi ninayoitamani na kulipia kwa miezi kumi na miwili badala ya sita. Muhula wa kiangazi uliniingilia vizuri zaidi, lakini kozi yangu haikuwamo.

Nilikaa na uamuzi huo siku nne. Nakumbuka nilimpigia mjomba nikitarajia anionee huruma, naye akaniambia kwamba kozi moja haijengi shahada, ila mwaka uliopotea huibomoa. Sikubaliani naye kikamilifu mpaka leo, kwa kuwa nawajua watu waliochagua kuongeza mwaka kwa ajili ya mhadhiri mmoja au maabara moja na hawakujuta, lakini wao walikuwa wameuhesabu mwaka ule tangu awali, hawakuukuta njiani. Nikamwandikia tena yule mhadhiri kumweleza hali yangu. Akanielekeza kwenye kozi ya kiangazi iliyokuwa na jina lisilovutia hata kidogo, ya kupima mtiririko wa mto uwandani kwa siku kumi, ikifuatiwa na uandishi wa ripoti. Katika orodha nilikuwa nimeiruka kwa sababu maelezo yake yalikuwa mistari mitatu. Huko ndiko nilikojifunza kwamba urefu wa maelezo ya kozi hauna uhusiano na ubora wake, na kwamba mhadhiri anayejibu barua ya mtu asiyemjua ni sababu nzuri ya kuchagua chuo kuliko nafasi ya chuo hicho katika orodha yoyote.

Lugha nayo nilidhani nimeimaliza kwa kuwa na matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Matokeo ya TOEFL na ya IELTS hutumika kwa miaka miwili tu tangu siku ya mtihani, na yangu yalikuwa yamebakiza miezi mitano, hivyo ilibidi niyatume haraka. Lakini cheti kinamridhisha anayekusajili, hakikusaidii kumwelewa anayezungumza. Katika ratiba ya idara, kozi mbili kati ya tano nilizopanga ziliandikwa kuwa zinafundishwa "kwa Kijerumani, au Kiingereza ikihitajika", na nani anayeamua kwamba inahitajika halikuelezwa. Niliuliza, nikajibiwa kwamba wageni wakizidi wawili mhadhiri hubadili lugha. Nilijiandikisha kwenye mafunzo ya Kijerumani jioni hiyo hiyo. Katika ngazi za lugha zinazotumika Ulaya, zinazoanzia A1 hadi C2, nilifika A2 kabla ya kuondoka. Inatosha kununua tiketi na kuomba radhi, haitoshi kusikiliza mhadhara.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kwa sababu kila mtu anajua kwamba ni ghali na kiasi chenyewe hutegemea anakotoka mtu na anakokwenda. Mjomba alinichorea karatasi yenye safu tatu: zinazolipwa mara moja, zinazolipwa kila mwezi, na zinazorudishwa. Ile safu ya tatu ndiyo iliyonishangaza, kwa kuwa amana ya chumba na fedha za kuonyesha ubalozini ni zako ila huwezi kuzitumia pale unapozihitaji. Kwa viza ya mwanafunzi ya Uingereza, waombaji wengi hutakiwa kuonyesha fedha zilizokaa benki siku 28 mfululizo, na anayezikopa wiki moja kabla hana la kufanya. Ujerumani njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa, ambayo kwa kiwango kilichowekwa Septemba 2024 inatakiwa kuwa na euro 992 kwa kila mwezi wa kukaa, nayo hukufungulia fungu la mwezi mmoja tu kwa wakati mmoja. Siku niliyofika nilikuwa tajiri kwenye karatasi na sikuwa na uwezo wa kununua shuka. Bima ya afya nayo ni sharti la kusajiliwa chuoni, kwa hiyo haifai kuiacha mpaka ufike.

Katika hati zote nilizojaza, moja ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa jambo lenyewe: mkataba wa masomo. Ni karatasi yenye sehemu mbili, upande mmoja kozi utakazochukua ng'ambo na krediti zake, upande wa pili kozi za chuo chako ambazo zitahesabiwa kuwa zimefanyika. Husainiwa na mwanafunzi, chuo kinachompeleka na chuo kinachompokea. Mwanafunzi asiye na karatasi hii iliyosainiwa kabla ya kuondoka ameuziwa mbuzi kwenye gunia, hata kama mbuzi mwenyewe ni mzuri. Saini ya idara yangu ilichukua wiki tano, kwa sababu mhadhiri mmoja alitaka kuona muhtasari kamili wa kozi ya uwandani, na yale maelezo ya mistari mitatu hayakumtosha. Nilimwomba mhadhiri wa Ujerumani aniandikie mengine. Aliandika kurasa mbili, bila kulalamika.

Nilipofika, kozi moja ya takwimu ilikuwa imefutwa kwa kukosa wanafunzi. Wageni wengine wawili waliokuja bila mkataba wa aina yoyote walichagua tu kozi nyingine iliyokuwa na nafasi. Mimi nilirudi kwenye karatasi yangu, ambayo ina ukurasa maalumu wa mabadiliko, nikatafuta kozi inayokaribiana, nikaituma kwa mshauri wangu, na baada ya siku sita ikarudi imesainiwa. Siku hizo sita niliingia kwenye mihadhara ya kozi mpya nisijue kama ninaruhusiwa. Mmoja wa wale wageni wawili aliniandikia baadaye kwamba kozi aliyoichukua haikuhesabiwa chuoni kwake, na kwamba ofisi ilimwambia angeuliza kwanza.

Kozi ya mto haikuwa kama ilivyosikika katika maelezo yake. Tulisimama ndani ya maji baridi mpaka magotini, mmoja ameshika kipimo cha kasi, mwingine anaita namba, wa tatu anaandika, na jioni tulikaa kugombana juu ya kwa nini vipimo vya makundi mawili kwenye sehemu moja ya mto havilingani. Mhadhiri alituacha tugombane. Ripoti niliyoiandika ndiyo iliyokuja kuwa mwanzo wa tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho.

Hati ya matokeo ilichukua miezi miwili na nusu kufika baada ya mihadhara kwisha. Si uzembe wa mtu; mtihani wa mwisho ulikuwa mwisho wa Julai, ripoti ilisahihishwa Septemba, na ofisi hungoja alama zote ziingie. Anayemaliza shahada muhula unaofuata ni vyema aihesabu miezi hiyo. Ilipofika, ikazuka shughuli ya mwisho, ya kugeuza alama. Nchini Uingereza 70 kati ya 100 ni daraja la kwanza. Ufaransa mtu hupimwa kwa 20, anafaulu kwa 10, na aliyepata 16 anasifiwa sana. Italia kufaulu ni 18 kati ya 30. Ujerumani ngazi inageuka juu chini: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5.0 umeanguka. Karani anayegawanya na kuzidisha bila kujua hilo anaweza kumshusha mwanafunzi mzuri mpaka chini kabisa, na ndiyo maana nilikuwa nimeomba jedwali la kugeuza alama liambatanishwe kwenye mkataba wa masomo tangu mwanzo.

Nilimpelekea mjomba hati ile nyumbani kwake, kwa kuwa ndiye aliyeuliza swali. Aliivalia miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya krediti, akajumlisha mwenyewe kwa mdomo mpaka akafika 30, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha kidole kikahamia safu ya alama, kikasimama kwenye kozi ya mto, palipoandikwa 1.3. Alinitazama juu ya miwani kwa muda.

"Sasa hii," akasema taratibu, "tunafurahi au tunanyamaza?"